Mafuta ya Karagwe

Jumatatu, tarehe 7 Machi 1955

Daftari jipya. La zamani limezama ziwani leo saa mbili asubuhi, pamoja nami. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa boti nikimpigia saluti Bwana Pelamu, anayekwenda Muleba wiki nzima kukagua barabara. Mkono ulipanda vizuri. Miguu ikateleza. Bwana hakucheka. Omary alicheka kwa niaba ya wote.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakuwa mtu mashuhuri: mimi ni Aroni Buberwa wa Kitendaguro, mlinzi wa boti ya starehe ya Bwana hapa Bukoba. Boti inaitwa Klaudia. Ana mashine ya petroli, viti vyekundu na turubai la kukinga jua. Kila Jumamosi Bwana na Bibi humpanda mpaka kisiwa cha Musira, wanakula mkate wenye nyama katikati, wanarudi. Siku sita zinazobaki Klaudia yuko na mimi. Nampangusa. Namsemesha. Sina mwingine wa kumsemesha tangu mke wangu Alistidia arudi kwao Kishanda, upande wa Muleba, miezi minane sasa, baada ya mpango wangu wa kufuga nyuki chumbani kwenda kombo.

Kabla ya kuondoka Bwana aliniagiza, maji yakinichuruzika, nimwambie Omary abadili mafuta ya mashine kabla ya Jumamosi. Galoni la mafuta mapya liko bandani.

Nimwambie Omary. Omary dereva, Omary fundi, Omary mwenye ovaroli. Watu wakipita gatini wanamwamkia: Fundi, habari za kazi? Mimi wananiuliza kama nimemwona fundi.

Sitamwambia.

Jumanne, tarehe 8 Machi

Nina mafua. Ziwa limeingia puani na halitaki kutoka. Jioni nilipika ndizi na maharage, na sikujua zimeungua mpaka nilipoona moshi. Nilikuwa nimepika za watu wawili. Mkono umezoea hivyo, nimeshindwa kuufundisha. Nimekula sahani moja. Ya pili nimeifunika.

Sasa nieleze kwa nini Omary hapaswi kuigusa mashine. Mwezi wa Januari nilimwandikia Alistidia kwamba nimepandishwa cheo na kuwa Fundi Mkuu wa Boti. Haikuwa kweli, ila niliiandika kwa mwandiko mzuri. Baba yake, Ta Rutashobya, alishasema binti yake atarudi kwangu siku nitakapokuwa na kazi inayoeleweka. Nikaona niipeleke kazi inayoeleweka mbele, ukweli utafuata nyuma taratibu.

Leo jibu limefika kwa basi la Muleba. Mistari miwili. Alistidia anauliza, je, ni kweli mimi ni fundi mkuu? Na huyu Klaudia, ambaye barua yangu imemtaja mara kumi na moja, ni binti wa nani?

Swali la pili sikulielewa, lakini nimelijibu kwa heshima. Nimeandika: Klaudia ni wa Bwana, ila mimi ndiye ninayemtunza. Kila asubuhi nampangusa kwa kitambaa laini. Wiki hii nitambadilisha mafuta kwa mikono yangu mwenyewe. Njoo Jumamosi kwa basi la asubuhi, uje mpaka gatini, umwone. Tena kuna doti ya kanga nyekundu yenye maua meupe inakungoja.

Barua nzuri. Imeondoka na basi la mchana. Nadhani itamgusa.

Kikapu cha kahawa za kutafuna kiko mezani, kama kilivyo kila siku, kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakuja. Nimetafuna tatu, nikajikaribisha mwenyewe.

Jumatano, tarehe 9 Machi

Siku mbaya.

Kubadili mafuta si kazi kubwa. Nimemtazama Omary akibadili ya lori mara mbili, huku nikijifanya nafukuza kuku. Unaiwasha mashine ipate moto. Unafungua nati ya chini, mafuta machafu yanamwagikia kwenye karai. Unamimina mapya juu. Basi. Kuna kipande kidogo cha katikati sikukiona, kwa sababu Omary alikuwa ameingia chini ya lori na iliyobaki nje ni miguu. Miguu haifundishi mengi.

Nilifanya yote. Mashine ikapata moto. Nati nikaifungua kwa spana niliyoiazima kwa Omary bila kumwambia. Mafuta yakatoka meusi tititi, nikajisikia mtu wa maana sana. Nati nikaiweka mfukoni mwa shati isipotee, kandokando ya Agano Jipya langu dogo. Nikamimina galoni jipya. Polepole, kwa adabu, huku nikimsemesha Klaudia, nikimwambia anywe mama, anywe.

Akanywa. Alikunywa galoni zima na hakuonyesha dalili ya kushiba. Nikavuta kijiti cha kupimia. Kikavu. Nikamsifu kwa uwezo wake. Ndipo nilipohisi unyevu miguuni.

Karai limefurika. Mafuta mapya yalipita juu yakatokea chini, yakaungana na yale meusi, yakaenea sakafuni pamoja na maji ya ziwa. Nati iko mfukoni mwangu, salama kabisa.

Nilikaa kwenye kiti chekundu muda mrefu. Halafu nikapangusa mpaka jua likaelekea kuzama, nikairudisha nati mahali pake. Mashine sasa ni safi kuliko siku ilipotoka kiwandani. Ila haina mafuta hata tone, wala sina pa kuyapata, isipokuwa kwa Omary.

Omary alipita jioni na baiskeli. Aliniuliza kama Bwana aliacha agizo lolote. Nikamwambia hapana. Akaniuliza mbona nimeshikilia spana yake. Nikasema naipima uzito. Akatikisa kichwa, akaniambia nikipata shida ya chochote nimwite, yuko nyumbani tu, lori limevunjika springi. Nilijua anachotafuta.

Alhamisi, tarehe 10 Machi

Nimeokoka!

Nilikwenda sokoni, kwa Bi Sada anayekaanga maandazi, kutafuta chai ya tangawizi kwa ajili ya haya mafua. Nikaona kopo chini ya meza yake. Kopo la galoni, lina picha ya gari na maandishi ya Kiingereza. Nikamuuliza, kana kwamba sina haja sana, humo ndani mna nini.

Akasema, mafuta.

Nikamuuliza ni mafuta safi au yameshatumika. Bi Sada alichukia kidogo. Alisema yeye hauzi kitu kilichotumika, haya ni mafuta ya Karagwe, ameletewa na shemeji yake juzi, na mjini hapa hakuna mfano wake.

Ya Karagwe! Mtu mwingine yeyote jibu hilo lingempita, lakini mimi ni mtu wa kufikiri. Karagwe kuna machimbo ya bati. Machimbo yana mashine, mashine kubwa kuliko nyumba. Mafuta yanayoweza kuzungusha mashine za machimbo, Klaudia atayaona kama uji.

Nilifungua kifuniko. Mazito, ya njano, yamegandaganda juu kwa ubaridi wa asubuhi. Nikayanusa. Pua imeziba, lakini kwa macho tu niliona ni mali. Bi Sada akauliza kwa mshangao kama kweli nalitaka kopo zima, je, nina wageni wangapi? Nikamwambia si wageni, ni ya Klaudia. Akauliza huyo Klaudia ataweza kuyamaliza lini. Nikamwambia anayamaliza kwa mara moja. Bi Sada akakaa chini. Akasema masikini, ni ugonjwa gani huo.

Sikuwa na cha kumpa, ila ile doti ya kanga. Nilirudi Kitendaguro kuichukua, nikaja nayo sokoni njia nzima nikiwa nimeikumbatia. Niliinunua mwezi wa Novemba. Jioni nyingine huwa naitoa sandukuni naitandaza kitandani upande ule wa ukutani, ili upande ule usiwe mtupu. Leo nimeibadili kwa mafuta. Nimejiambia kwamba Alistidia akija mwenyewe kanga haitakuwa na kazi ile tena, na nguo nyingine zitapatikana. Lakini njiani kurudi nilijisikia vibaya, siwezi kuficha. Upande wa ukutani utakuwa wazi mpaka Jumamosi.

Ijumaa, tarehe 11 Machi

Nimemimina. Nililiweka kopo juani mpaka yakalainika, yakashuka kama asali. Kijiti kinaonyesha yamejaa. Nati iko mahali pake, nimeikagua mara sita. Nikawasha mashine kwa dakika moja. Inanguruma kwa sauti ya chini, ya kuridhika.

Tangu hapo mbwa watatu wamelala kandokando ya Klaudia. Paka wa forodhani naye amekuja. Wanyama wanajua kazi nzuri.

Saa tisa Omary akaja. Alisimama gatini, akainua pua, akauliza ni nani anakaanga. Nikasema hakuna anayekaanga. Akasema anasikia harufu kama ya sikukuu. Mimi sisikii kitu. Nikagundua mara moja kwamba ni mtego: anataka nimkaribishe ndani ya boti ili aone kazi yangu ajifanye ameifanya yeye.

Akanitazama. Akasema kwa upole kwamba amekutana na karani wa Bwana, naye amemwambia kuhusu mafuta. Akasema, ndugu yangu Buberwa, kama umeyabadili, vizuri, lakini niruhusu nivute kile kijiti nione, dakika mbili tu, Bwana hatajua. Sote tulikosea mara ya kwanza. Mimi lori la kwanza niliweka maji.

Uongo mtupu. Omary kuweka maji! Nikamwambia mashine ya boti na mashine ya lori ni elimu mbili tofauti. Akaniuliza jioni nitakula na nani. Nikasema nina mambo mengi. Akaenda.

Nimekula sahani moja. Ya pili nimeifunika.

Jumamosi, tarehe 12 Machi

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili, sababu ni baridi tu.

Bwana na Bibi walifika gatini saa nne. Bwana akauliza kuhusu mafuta. Nikawahi kusema: tayari, Bwana. Bwana akageuka akasema, kazi nzuri, Omary. Omary alinitazama mimi, akatazama chini. Angeweza kusema. Nadhani wivu ulimzuia.

Wakati huohuo basi la Muleba likawa limeshafika, na nikamwona. Alistidia. Gauni la kijani, mwavuli mweusi, anatembea gatini kama mtu anayehesabu mbao. Miezi minane. Amekonda kidogo. Sikuweza kushuka, Bwana alishakaa na mimi nimeshika kamba. Nikampungia. Hakupunga. Alikuwa anatazama kila mwanamke aliyesimama pale, mmoja mmoja, kuanzia Bi Sada mpaka wauza dagaa.

Nikamwita kwa sauti nikapiga ubavu wa boti: huyu ndiye Klaudia!

Akasoma jina lililoandikwa ubavuni. Herufi moja moja. Halafu akaweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Alistidia alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka tangu kabla ya nyuki. Kama siku ingeishia hapo ningekufa tajiri.

Mashine ikawaka. Tukaondoka, Omary akabaki gatini. Nilisimama mbele na kofia yangu, kifua nje, najua ananiona. Dakika kumi tulikwenda vizuri sana. Ya kumi na moja moshi mweupe. Bibi akasema amepata njaa ghafla. Bwana akasema labda wavuvi wa Musira wanapika. Ya kumi na tano mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kimya. Katikati ya gati na kisiwa, hatuko huku wala kule.

Bwana alifungua kifuniko. Akavuta kijiti. Akakitazama, akakinusa, akagusa ncha kwa ulimi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama hii ni samli.

Nikamwambia si samli, Bwana, ni mafuta ya machimbo ya Karagwe.

Bwana akakaa. Bibi alianza kucheka mpaka kofia yake ikaanguka majini, na sisi hatukuweza kuifuata. Hapo ndipo pua yangu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ilipozibuka. Ilikuja yote kwa pamoja. Harufu ya jikoni kwa mama yangu, siku ya Krismasi.

Tulikaa pale tokea saa nne na nusu. Ziwa lilitusogeza taratibu upande usiotakiwa. Kutoka huko gati lilikuwa dogo, lakini mwavuli mweusi niliuona. Saa sita ulikuwepo. Saa saba ulikuwepo, tena umekaa. Basi la kurudi Muleba huondoka saa nane. Nilijua hivyo na yeye alijua. Saa nane kasorobo mwavuli ukasimama. Ukakaa umesimama muda. Nikapunga mikono yote miwili. Bwana akaniambia niache kuitikisa boti.

Mwavuli ukaenda.

Omary alikuja saa kumi, wavuvi waliporudi, na mtumbwi wao na kamba. Alinipa andazi. Nililila nikiwa nimegeukia ziwa.

Tulipofika Bwana alitoa hukumu fupi. Kuanzia Jumatatu fundi na mlinzi wa Klaudia ni Omary. Mimi nitakata majani nyuma ya banda. Kule ziwa halionekani.

Jumapili, tarehe 13 Machi

Kanisani mchungaji alisali kwa ajili ya walio majini. Watu watatu waligeuka kunitazama.

Baada ya ibada, nikiwa nimewasha moto, hodi mlangoni. Omary! Hajawahi kufika Kitendaguro. Nilimkaribisha kwa mashaka. Akaona kile kikapu, akachukua kahawa moja akatafuna, akasema zimekauka hizi, zina muda gani? Nikamwambia zilikuwa zinangoja watu.

Alikuwa na ujumbe. Jana Alistidia alikaa gatini karibu saa nne nzima akizungumza naye. Alimuuliza mimi hasa nafanya kazi gani. Omary alimjibu kwamba mimi ni mlinzi, na kwamba hajaona mtu anayekitunza kitu kama ninavyoitunza ile boti. Bi Sada naye alikuwa pale, amejifunga kanga nyekundu yenye maua meupe. Alistidia aliikodolea macho. Bi Sada alipojua huyo ni nani na kanga ilikuwa ya nani, aliifungua palepale akamkabidhi, akasema samli si kitu, na kwamba amefurahi kusikia kuwa Klaudia si mgonjwa.

Kwa hiyo kanga imefika. Naandika hilo ili ieleweke kwamba mpango haukushindwa wote.

Ujumbe wenyewe Omary aliusema pole pole, kwa maneno ya Alistidia kama alivyoyasema, hata ile waitu yake ya Kihaya ya kubembeleza: "Mwambie Buberwa, waitu, angeandika tu kwamba yuko peke yake, ningekuja tangu Januari. Sikutaka fundi mkuu. Nilikuwa na mume. Aniandikie hilo moja, na mimi nitapanda basi."

Nilikwenda kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Omary alibaki kula. Alikula sahani ya pili yote, akakwangua mpaka chini, akanisimulia habari za mama yake na za lori alilolitilia maji. Inawezekana ni kweli. Sufuria imekwisha leo kwa mara ya kwanza tangu Julai. Alisema Jumapili ijayo ataleta samaki. Nimetafakari sana na nimeshaitambua hila yake: anataka kujifunza siri zangu. Nitamruhusu aje, ili nimchunguze.

Alipoondoka nyumba ikawa kubwa tena. Nilisikia baiskeli yake mpaka mwisho wa migomba, halafu sikusikia kitu. Ni kweli niko peke yangu. Nimekuwa peke yangu siku nyingi, na hali hiyo nimekuwa nikiiita kazi.

Basi nikachukua karatasi safi. Nikaandika: Mke wangu Alistidia, niko peke yangu.

Nikaacha hapo. Nikaisoma. Ilikuwa kweli mpaka macho yakaniuma. Bahasha nilikuwa nimeshaiandika jina, basi la kesho mchana lingeichukua, na Jumatano angekuwa hapa.

Lakini ukurasa ni mkubwa na maneno yalikuwa machache mno, yamejikunja juu kwenye kona. Mtu angedhani sina habari yoyote. Nikaongeza kidogo tu, kwa ajili ya kuujaza ukurasa. Sasa inasomeka vizuri zaidi, na nimeshaifunga kwa gundi:

Mke wangu Alistidia, niko peke yangu Bukoba nzima ninayejua kuendesha boti kwa samli.